Dosari yangu iko Moshi, mimi niko Lubumbashi. Nifanye nini?

Mbio_Kamalondo
Bandugu, jambo yenu. Naomba ushauri wa haraka. Mwishoni mwa Februari nakimbia Kilimanjaro Marathon kule Moshi, kilomita 42, mara yangu ya kwanza kutoka Kongo kwa ajili ya mbio. Tangu Septemba naenda mpaka Kipushi na miguu kila Jumapili, karibu kilomita 30, hata walinzi wa njiani wamenizoea. Miguu iko tayari. Shida ni dosari.

Tiketi nimekwisha kulipa: ndege inatua Dar Jumamosi saa tisa alasiri, halafu basi la usiku, Moshi alfajiri, niende moja kwa moja uwanja wa Ushirika. Jana tu ndiyo nimesoma barua pepe yao vizuri: kugawa dosari kunaisha Jumamosi jioni, Jumapili hakuna. Nikilia pale mlangoni hawatanihurumia? Shefu wangu hataki kuniachia Ijumaa.

Tena, fomu ilikuwa na nafasi mbili za jina. Mimi nina matatu kama Mkongo yeyote: jina lenyewe, postinomu linalolifuata, na prenomu, lile la Petro au Maria. Nikaandika prenomu na postinomu. Paseporti inaanza na jina. Ni tatizo?

Mchaga_wa_Himo
Kaka, nimesoma "shida ni dosari" nikadhani umetegua goti! Huku kwetu dosari ni kasoro. Hicho kikaratasi cha kifuani chenye namba ya mkimbiaji sisi tunakiita namba tu.

Hawatakuhurumia. Wa 42 mnaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nani atafungua maboksi saa hiyo? Na hata wangekupa: umekaa usiku kucha kwenye basi, kilomita 560 magoti yamekunjwa, kisha uanze kukimbia? Nusu ya kwanza itakudanganya, ni barabara kuu upande wa Dar kwenda na kurudi. Nusu ya pili unapanda kuelekea Mweka na jua limeshatoka. Hapo ndipo lile basi litakudai.

Namba hutolewa Dar na Arusha pia, siku za kabla. Una mtu Dar?

Mbio_Kamalondo
Shemeji yangu yuko Kariakoo. Nimtume tu?

Mama_Katuba
Mwanangu, usimtume kabla ya kuwaandikia wenye mbio. Kila mbio ina sheria yake. Chicago na Berlin, kwa mfano, ni wewe mwenyewe na kitambulisho chako, ndugu hakuchukulii. Uliza, wakikubali wakuambie shemeji abebe karatasi gani.

Hilo la majina usilidharau. Mimi mbio moja ya nje walinitafuta kwenye herufi ya prenomu, sipo. Herufi ya jina, sipo. Nilikuwa nimejificha chini ya postinomu, karibu na mwisho wa orodha. Dakika 40, na watu nyuma yangu wanaguna kama nimewaibia. Ilibidi niwaeleze Ukongo wangu wote pale mezani! Watumie picha ya ukurasa wa paseporti, waombe waandike kama ulivyo humo. Jibu lao ulichapishe. Simu huzimika.

Na kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano? Tanzania wanaidai kwa anayetoka kwetu, na chanjo inahesabiwa baada ya siku 10. Usiende kuchomwa sindano Alhamisi ya wiki ya safari.

Dereva_Kasumbalesa
Kuna atakayekwambia upite barabara ni rahisi. Mimi ndiyo kazi yangu. Kasumbalesa, Zambia yote, Nakonde, Tunduma, halafu bado una Tanzania ya kukata. Mpaka ukikataa siku hiyo, umelala.

Umeangalia saa? Dar iko mbele yetu saa moja. Hiyo saa tisa ya tiketi ni yao, yako mkononi itasema saa nane, na wewe utatembea polepole ukidhani una muda.

Mchaga_wa_Himo
Umesema kweli dereva. Ukiipata namba, usiikunje: kama chipu ya kupimia muda imebandikwa nyuma, itakatika. Andika nyuma yake simu ya ndugu na dawa unazotumia. Pini beba zako nne, za kwao huwa zinaisha au zinapinda. Na joto lisikushangaze. Lubumbashi mko juu kuliko Moshi, Februari huku ni jasho.

Mbio_Kamalondo
Aksanti mingi. Nimewaandikia kuhusu jina, nimetuma ukurasa wa paseporti. Kadi ya manjano ninayo ya tangu 2019. Shemeji nimemwacha kwanza: mwenzangu wa karakana amekubali tubadilishane zamu, nimelipa nyongeza ya tiketi, natoka Alhamisi na dosari naichukua Moshi kwa mkono wangu. Sharti lake ni moja, medali ikifika Kamalondo yeye ndiye wa kwanza kupiga nayo picha. Mke wangu hajafurahia hilo sharti.

Mama_Katuba
Mpe mke wako fulana.