Somaliland waliwezaje kubadilisha rais 2024 bila fujo?

kijana_pangani: Wadau, kuna jamaa tulibishana naye jana Eastleigh akaniambia Novemba 2024 kule Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, Muse Bihi akiwa rais kitini, alibwagwa na Irro wa chama cha upinzani Waddani kwa kama asilimia 64 kwa 35 na akatoka bila maneno. Sisi tuna tume, tuna seva, tuna Mahakama ya Juu na bado kila miaka mitano ni kushikana mashati. Hao walijitangazia uhuru kutoka Somalia 1991 wakakaa miaka yote hiyo dunia ikiwanyamazia, mpaka Israel ilipowatambua mwisho wa 2025. Ni ukweli ama nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?

mama_wanne: Ni ukweli. Na si mara ya kwanza, 2003 Riyale, aliyekuwa rais, alitangazwa ameshinda Silanyo wa upinzani kwa kura 80. Themanini, kwa karibu nusu milioni zilizopigwa! Silanyo akaenda kortini akashindwa, akarudi akajipanga, 2010 akachukua kiti. Hebu fikiria hapa Nairobi mtu atangazwe kwa kura 80, hiyo usiku kungelalika kweli? Kitu kimoja kinawasaidia ni katiba yao, inaruhusu vyama vitatu tu, kwa hivyo ukoo mmoja hauwezi kujifungia na chama chake ukashinda, lazima mkabishe hodi kwa wengine. Halafu wazee wa koo wanaingilia mapema kabla watu wachemke.

mzee_wa_kona: Polepole na hizo sifa. Huo uchaguzi ulikuwa ufanyike 2022, ukasukumwa miaka miwili, na waliomwongezea Bihi muda ni haohao wazee, Guurti, bunge la juu ambalo mwananchi hajawahi kulipigia kura hata siku moja. Na mbona hamtaji Las Anood, ule mji wa mashariki? 2023 walipigana huko miezi, jeshi la Hargeisa likafurushwa, ikifika 2024 masanduku hayakufika kwa sababu wengi huko wanataka kuwa chini ya Mogadishu, serikali ya Somalia. Sasa hiyo 64 yenu ni ya wale wenye walishakubali kuwa ndani ya hiyo nyumba. Rahisi kukubali kushindwa kama mwenye angekataa kabisa hayuko kwa rejista.

kijana_pangani: Ala, hiyo jamaa hakuniambia. Kwa hivyo mtu wa Las Anood kutopiga kura si uvivu, ni msimamo wake wa siku zote?

mama_wanne: Wa siku zote hapana, hapo ndipo mzee anaruka kitu. 2021 uchaguzi wa wabunge kura zilipigwa mpaka huko Sool, mkoa wa Las Anood. Mambo yaliharibika mwisho wa 2022, mwanasiasa wa huko akauawa, watu wakaandamana, risasi zikalia. Kuna wenye hawakuwahi kuitaka Hargeisa, sawa, lakini wengine walikuwa wanapiga kura vizuri tu mpaka wakafyatuliwa risasi.

mzee_wa_kona: Hiyo ya 2021 nakupa. Lakini Irro sasa ndiye rais na Las Anood hana hata kura moja.