PEP na PrEP zitolewe famasi? Tujadili

Kipanga_wa_Ubungo: Wakuu, PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuhatarika, inaanza ndani ya saa 72, na ukiwahi ndiyo bora. Kondomu imepasuka Ijumaa usiku, CTC, kliniki ya VVU, inafunguliwa Jumatatu. Famasi ya mtaani iko wazi mpaka saa nne usiku. Kwa nini mfamasia asikupime, akakuanzishia dozi, halafu ukaenda kliniki kumalizia siku 28? Na PrEP, ile ya kujikinga kabla ya kuhatarika, Kenya wameshaijaribu kwenye famasi binafsi. Sisi tunasubiri nini?

Bi_Mkubwa: Yule binti wa duka la dawa aliyefeli fomu foo ndiye anipime ukimwi? Juzi tu alinikatia amoksilini nusu dozi kisa nina buku mbili.

Mfamasia_Moro: Dada, tuheshimiane. Duka la dawa muhimu SI famasi. Mimi nimesota digrii miaka minne, nikala na intani juu. Huyo wako ni mtoa dawa, kapiga kozi ya wiki kadhaa.

Songea_Boy: We wa digrii, taratibu. Haya maduka yalianza kwetu Ruvuma 2003, ndiyo yanayotibu vijijini wakati nyie mnabanana Kariakoo. Na hivyo vyeti vyenu vinaning'inia ukutani, wenyewe hamuonekani. Nani hajui mnavikodisha kwa wenye famasi?

Mfamasia_Moro: Lete ushahidi! Mimi nipo kaunta kila siku.

Chizi_Fresh: Saa tano hii asubuhi upo huku unabishana. Kaunta kaachiwa nani? 😂

Nesi_wa_Zamu: Nachomekea. Kwanza, PEP usiku nenda emajensi, usingoje CTC. Pili, PrEP ya vidonge bila kupima ni hatari: ni dawa mbili tu, kama tayari una VVU hazitoshi, virusi vinajenga usugu. Kujipima kumeruhusiwa kisheria tangu 2019, kwa hiyo kupima famasi si ajabu. Shida ni kaunta zenyewe. Unaeleza kondomu imepasuka, nyuma yako jirani anasubiri Panadol, na muuzaji anapaza sauti, "Ya nini, ya ukimwi?"

Bi_Mkubwa: Si ndiyo nilichosema!

Nesi_wa_Zamu: Hapana, wewe ulisema fomu foo.

Kipanga_wa_Ubungo: Jamani, mada. CTC ni bure, famasi nani atalipia?

Songea_Boy: Mleta mada subiri. Mfamasia hajajibu cheti chake kiko ukuta wa nani.

Mfamasia_Moro: Kiko kwangu. Njoo Moro ukione.

Chizi_Fresh: Kwani siku hizi kukodi ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Songea_Boy: Unakodi au unakodisha?