Picha ya HD, kazi inatolewa SD 16:9: fremu inapangwaje?

Kioo_Kipana
Wakuu, picha imerekodiwa HD, 1920x1080, 50i (fildi 50 kwa sekunde, kila fildi ikiwa nusu ya mistari ya fremu). Mteja anataka faili la PAL (mfumo wa televisheni wa SD, yaani ubora wa kawaida), 720x576, 16:9. Nikirenda, yaani nikitoa faili la mwisho, nyuso zinatoka zimebanwa. Nikirekebisha, vinabaki vistari vyeusi kulia na kushoto. Halafu majina ya wazungumzaji yanakatwa kwenye televisheni za 4:3. Tatizo liko wapi?

Mkasi
Hayo ni mambo matatu tofauti, na moja si kosa.

720 ukigawa kwa 576 unapata 1.25, umbo jembamba hata kuliko 4:3. SD ya 16:9 huhifadhiwa ikiwa imebanwa, kisha televisheni huitanua ikisoma alama ya 16:9 iliyo ndani ya faili. Alama isipokuwepo, au programu ya kuchezea video ikiipuuza, watu wote wanakonda. Weka alama, usiguse umbo la picha kwa mkono.

Vistari vyeusi viache. Picha yenyewe ya 16:9 huchukua pikseli 702 kati ya 720. Wengi hutumia 704 kwa kuwa inagawanyika kwa 16. Inayobaki ni ukingo ambao televisheni nyingi haziuonyeshi kabisa. Mteja aking'ang'ania ijae, ikuze hadi 102.5%: unapoteza mistari 13 ya HD juu na 13 chini.

Ila programu hazikubaliani. Nyingine huhesabu pikseli zote 720 kuwa ndiyo 16:9. Chora duara kwenye HD, renda, kisha lipime kwenye skrini, upana na urefu. Tofauti ya 2.5% usoni mwa mtu huioni, kwenye duara inaonekana.

Mstari_wa_576
Kuhusu majina: televisheni ya 4:3 inabakiza pikseli 1440 za katikati kati ya 1920, yaani 240 zinaliwa kila upande. Ongeza 5% ya hizo 1440 kama nafasi ya usalama wa maandishi, ni 72. Kwa hiyo jina lianze pikseli 312 kutoka kushoto, na lisishuke chini ya mistari 54 kutoka ukingo wa chini. Kama watazamaji wote wana 16:9, 96 kwa 54 inatosha.

Picha yenyewe usiipange yote kwa ajili ya 4:3, utakuwa na watu waliosongamana katikati na kuta mbili tupu. Mimi naona 14:9, umbo lililo kati ya 4:3 na 16:9, ndiyo suluhu ya heshima: 1680 katikati, 120 kila upande. Hatari kubwa ni mahojiano ya watu wawili waliokaa kwenye kingo. 4:3 itaonyesha meza tu.

Maandishi membamba nayo yaepuke. Mistari 1080 inashuka hadi 576, kwa hiyo mstari wa pikseli 1 wa mlalo unaangukia fildi moja na kumetameta. Anzia pikseli 4.

Mkasi
Nyongeza, kwa kuwa chanzo ni 50i: usipunguze ukubwa kabla ya kutenganisha fildi. Zikichanganyika, kila kinachosogea kinapata kivuli cha pili. Toa 50p (fremu kamili 50 kwa sekunde) kwanza, punguza, kisha rudisha 50i. Na rangi zihamishwe kutoka 709 (kiwango cha rangi cha HD) kwenda 601 (cha SD), la sivyo kijani na ngozi hubadilika. Kwa ffmpeg (programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi), kichujio ni hiki:

`bwdif=mode=send_field,scale=704:576:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,pad=720:576:8:0,interlace=scan=tff`

Kisha ongeza `-aspect 16:9` na `-flags +ildct+ilme`. Mteja akitaka DV (umbizo la video la kanda za kidijitali), fildi ya chini ndiyo hutangulia, badilisha `tff` (fildi ya juu kwanza) kuwa `bff`. Ukikosea hapo, picha iliyotulia itaonekana salama kabisa, lakini gari likipita litatetemeka mbele na nyuma. Jaribu kwa kipande chenye mwendo, tena kwenye televisheni. Kompyuta huficha kosa hili.

Kioo_Kipana
Alama za 14:9 nikiziwasha kwenye kioo cha kamera, zinarekodiwa?

Mstari_wa_576
Hapana, zinabaki kwenye kioo. Ila kama unarekodi nje kupitia waya wa HDMI, zima kwanza maandishi ya menyu kwenye tokeo hilo, maana kamera nyingine huyatoa pamoja na picha.