Tupeane uzoefu: Star Trek ya 2009 ilikufikiaje hapa Uganda?

MtotoWaKambi (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wapendwa. Wiki hii nimekuta watu wakibishana tena kama ni halali kuichukua hadithi waliyoipenda wazee na kuianzisha upya kwa sura mpya. Nimeona tuizungumzie moja tu: Star Trek, hadithi ya wasafiri wa anga na chombo chao Enterprise, ile ya J.J. Abrams iliyotoka Mei 2009. Hukumu za wakosoaji wa Marekani tumezisoma za kutosha. Wewe niambie ulikuwa wapi, na nani, na ni kitu gani kilikugusa au kukuudhi.

Naanza mwenyewe. Nimekulia kambi ya jeshi. Baba ni Mlugbara, mama ni Mteso, basi lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha jeshi. Baba alikuwa na kanda nne za video alizonunua Nairobi, zile za miaka ya sitini, William Shatner akiwa kapteni Kirk na Leonard Nimoy akiwa Spock, msaidizi wake kutoka sayari ya Vulcan. Moja iliwahi kukatika akaiunga kwa selotepu. Picha ilikuwa inaruka pale pale kila mara, na sisi watoto tulipajua, tunajiandaa kabla haijaruka.

Iliposikika kwamba vijana wameanzisha upya, baba alikasirika kabisa. Alisema huwezi kumletea mtu mgeni ukamwambia huyu ndiye ndugu yako. Mwisho wa mwaka ule nikarudi na sidii kutoka Kampala, nikaiweka jioni. Yeye akakaa mlangoni na kiatu na kopo la kiwi, kama mtu asiye na habari. Zachary Quinto, Spock mpya, alipoinua unyusi, nikaona brashi imesimama. Halafu ikafika pale Kirk ametupwa kwenye sayari ya barafu, mnyama anamkimbiza hadi pangoni, na humo anatokea mzee ameshika mwenge. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Ni yeye mwenyewe." Akavuta kiti hadi mbele ya TV, mkono mmoja bado umo ndani ya kiatu. Alikuwa ni Nimoy. Hawakumfuta, walimleta awape vijana baraka. Kwangu mimi hapo ndipo toleo lile lilipopata haki ya kuwepo.

Bado Spock hajaenda kwenye chombo cha adui, Uhura, afisa wa mawasiliano, anamuaga, naye Spock anamwita kwa jina: Nyota. Mama akauliza kutoka jikoni, "Nani huyo anaitwa Nyota?" Fikirini, wapendwa. Uhura tangu 1966 jina lake linatokana na neno letu uhuru, lakini kwa miaka 43 hakuwahi kuitwa jina la kwanza kwenye skrini. Alilipata siku ile.

Februari 2015 Nimoy alipofariki nilimpigia baba simu. Nilikuta ameshasikia, ameketi nje.

Karibuni.

Mkalimani wa Malaba

Mimi ni VJ, nina kibanda changu hapa mpakani. Asiyejua kazi yetu: muvi inapigwa, unapunguza sauti yake, unashika kipaza sauti, unatafsiri papo hapo na kueleza. Wenzangu wengi wanafanya kwa Luganda, na mimi nilianza hivyo. Lakini wateja wa Malaba ni madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya forodha, wengi wao Wakenya, nikahamia Kiswahili.

Ile muvi ilinipa kazi ngumu kuliko zote za mwaka ule. La kwanza, ile mashine inayomwondoa mtu hapa na kumtokeza kule. Nikasema "anayeyushwa", wateja wakauliza kama amekufa. Nikasema "anapaa", wakasubiri mabawa. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza Uganda mwaka ule wa 2009, na Wakenya walikuwa na M-Pesa tangu 2007. Nikasema, "Anatumwa kama pesa." Kibanda kizima kikaelewa, hadi wa kwenye benchi la nyuma. Sasa inafika pale sayari ya Vulcan inabomoka, Spock amekwenda kuwachukua wazazi wake, wanatumwa wote pamoja, na mwamba unakatika chini ya miguu ya mama yake. Spock anatokea chomboni mkono wake umenyooka, umeshika hewa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema tu, "Mama hakufika." Nikaweka kipaza sauti chini. Hakuna aliyenidai maelezo.

La pili ndilo lililozua ugomvi. Wanaojua zile za zamani walipiga kelele kwamba Vulcan haikufa, Kirk hakukua yatima, wametudanganya. Nikasimamisha muvi. Nikawaambia: lori limetoka Malaba linakwenda Jinja. Limefika Tororo, jambazi amesimama njiani, dereva amekata kona akashika barabara ya Mbale. Je, barabara ya Jinja imekufa? Ipo, na malori yanapita. Nero ndiye jambazi, ametoka mwaka 2387 akarudi nyuma, akaua baba yake Kirk siku mtoto anazaliwa. Tangu hapo tuko barabara ya Mbale. Yule mzee wa pangoni ametoka barabara ya Jinja, anakumbuka yote mliyoyaona. Dereva mmoja mtu mzima akasema, "Kumbe hawajatunyang'anya." Nikawasha tena.

Nasimama hapo hapo hadi leo. Toleo jipya likiiacha barabara ya zamani ipo, mimi sina kinyongo nalo.

Fundi wa Njeru

Yangu ni fupi. Nafanya kazi kiwanda cha bia. Nilipoona chumba cha injini cha Enterprise nikasimama kitini: yale ni matangi ya bia! Mabomba yale, vali zile, ngazi zile za chuma, nazigusa kila siku. Rafiki zangu hawakuniamini. Baadaye nikasoma kwamba kweli walipigia picha ndani ya kiwanda cha Budweiser huko Los Angeles. Najua mashabiki wengi walichukia, wanasema chombo cha karne ya ishirini na tatu hakiwezi kuwa na mabomba hivyo. Mimi nilifurahi sana. Chombo kikubwa hivyo lazima kuwe na mtu anayefunga vali usiku. Nilimwona Scotty, fundi wa injini, akipita katikati ya mabomba nikasema huyu ni mtu wa zamu kama mimi.

Mwalimu wa Bombo

Asalaam aleikum. Nimestaafu, nilifundisha fizikia. Nitasema lisilopendeza, mnivumilie.

Mimi filamu ile iliniudhi na mpaka leo inaniudhi, wala shida yangu siyo sura mpya. Quinto alifanya kazi nzuri, na Karl Urban katika nafasi ya daktari McCoy ni kama amemrithi marehemu DeForest Kelley hadi namna ya kununa. Kilichoniudhi ni haraka. Katika zile za zamani watu walikaa mezani wakabishana: tuingilie au tusiingilie, huyu adui ana haki au hana. Hii mpya, kijana Kirk yuko chuoni na kesi ya udanganyifu, na filamu haijaisha ameshakuwa kapteni. Kapteni! Nani hapa aliona mtu akitoka uanafunzi hadi kuongoza chombo chenye mamia ya watu kwa siku chache? MtotoWaKambi, muulize afande baba yako vyeo vinapatikanaje.

Niliitazama na wanafunzi wangu wa zamani. Walipiga makofi. Nilipowauliza filamu imetuuliza swali gani, walinyamaza. Halafu ule mwanga unaoipiga kamera kila dakika, macho yangu yaliuma.

Kijana wa Rutshuru

Heshima kwako, Mwalimu. Mimi ni Mkongomani, niko kambi ya wakimbizi ya Rwamwanja tangu 2012. Tulivukia Bunagana mwezi wa saba, mimi na wadogo zangu wawili.

Muvi hii niliiona kambini hapa, kwa jirani mwenye betri na sola. Sikujua ni hadithi ya zamani, sikujua kwamba kuna watu wamekasirika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mashabiki wengi hawakusamehe kuharibiwa kwa Vulcan, wanasema waandishi walitafuta mshtuko tu. Siwezi kubishana nao, wao walikaa na sayari ile miaka arobaini.

Lakini nieleze nilichoona. Watu bilioni sita, na Spock anahesabu kwamba waliobaki hawazidi elfu kumi. Anasema kwa sauti ya kawaida, anarekodi kumbukumbu za kazi. Nami ndivyo nilivyosema Bunagana, kwa sauti ya kawaida, mtu wa usajili aliponiuliza tuko wangapi na tulikuwa wangapi. Watu walidhani sina uchungu. Halafu baadaye anapochokozwa kuhusu mama yake analipuka, anampiga Kirk, karibu amuue mbele ya wote, kisha anaondoka mwenyewe anaacha uongozi. Hiyo nayo naijua.

Mwalimu, swali la filamu kwangu lilikuwa hilo: mtu aliyepoteza nyumba anaruhusiwa kulia lini? Na yule Spock mzee mwishoni anasema ameshawapatia waliobaki sayari ya kuanzisha makazi mapya. Mdogo wangu aliuliza kama watapewa mashamba.

Mwalimu wa Bombo

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Sikuwa nimeiona hivyo. Wasalimie wadogo zako.

Sista wa Arua

Mimi ni mkunga. Nilikuwa zamu ya mchana wiki ile, na umeme wa Arua siku hizo ulikuwa wa saa chache jioni, kwa hiyo tuliitazama vipande vipande siku tatu. Siku ya kwanza hatukuvuka dakika kumi za mwanzo, kwa sababu niliomba zirudiwe.

Chombo kinashambuliwa, mama ana uchungu wa kuzaa anasukumwa kwenye kiti kuelekea chombo kidogo cha kukimbilia. Baba yake mtoto amebaki peke yake kwenye usukani, maana mitambo ya kujiendesha imeharibika. Wanaongea kwa redio. Mtoto analia, baba anamsikia. Wanatafuta jina. Jina la babu wa upande wa baba, Tiberius, baba mwenyewe analikataa, anasema aitwe kwa jina la baba wa mama, Jim. Halafu anagonga.

Mimi nilizaliwa baba akiwa ameshakufa miezi miwili. Jina langu nilipewa na babu mzaa mama. Hakuna muvi iliyowahi kunionyesha chumba kile nilichozaliwa, na kumbe ilikuwa chombo cha anga. Nimeambiwa kwamba katika zile za zamani baba yake Kirk hakufa hivyo. Kwa wanaozipenda naelewa. Mimi naomba wasiiguse hii.

BintiKasese

Naheshimu machozi ya wote, lakini mbona hakuna anayelisema hili? MtotoWaKambi umefurahi Uhura kuitwa Nyota. Sawa. Je, umemsikia akisema hata neno moja la Kiswahili katika ile ya 2009? Anajisifu kwamba anajua lahaja zote tatu za Kiromula, lugha ya kina Nero. Muvi iliyofuata, ya 2013, anaongea Kiklingoni uso kwa uso na Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine, wenye silaha. Kiswahili hakuna. Wakati Uhura wa Nichelle Nichols alikisema kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, sisi hata miaka minne ya uhuru hatujatimiza! Mle kuna kiumbe mla chumvi anayejigeuza kuwa mwanamume mweusi amtege kwa lugha ya kwao. Na 1967 akafutwa kumbukumbu zote, akawa anajifunza kusoma upya, na akikwama kinachomtoka ni Kiswahili. Ndicho kilichobaki chini kabisa ya kichwa chake. Waandishi wa miaka ya sitini, Marekani ile, walilijua hilo.

Zoe Saldana, Uhura wa 2009, simlaumu, aliigiza vizuri, na alipewa nafasi kubwa kuliko Nichols alivyopewa. Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki. Basi urithi wa namna hiyo ukiupokea, pokea na lugha. Jina bila lugha ni kama kitenge cha kuvaa sikukuu tu.

MtotoWaKambi

Binti, umenishika. Nilifurahia jina nikasahau kudai kilichobaki. Najitetea kidogo tu: mfululizo wa 2022, Uhura akiwa Celia Rose Gooding, umesema wazi kwamba kwao ni Kenya na anajua lugha 37. Naona mtu alisikia malalamiko.

Mkalimani wa Malaba

Binti, kwangu Uhura aliongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nilimpa cha Mombasa.

BintiKasese

Hapo nimeridhika, kaka. Lakini ile ya 1967 natamani kuiona na ndugu zangu. Nimeisoma tu na kuona kipande kifupi. Kuna aliye nayo?

MtotoWaKambi

Nimempigia baba sasa hivi. Anasema imo kwenye kanda ya tatu, ndani ya sanduku la chuma, haijaota ukungu. Deki ndiyo iliyokufa. Anayejua fundi wa deki za video upande wa Gulu au Lira aandike hapa.

Fundi wa Njeru

Upande huo simjui. Jinja yupo mzee mmoja bado anazifungua. Leta deki kwa basi, nitaipokea stendi nimpelekee mwenyewe. Mwambie baba kanda asiitume, abaki nayo.