Tupeane uzoefu: mazabodi ya bei mbaya inasaidia kweli kwenye kuovakloki?

MzeeWaKesi (Dar)
Wakuu, salaam. Kuna mpwa wangu anajikusanya ajenge kompyuta ya gemu, na amekomaa kwamba lazima achukue mazabodi ya juu kabisa, eti ndiyo itakayompandisha spidi akiovakloki, yaani akiilazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Mimi namwambia hela hiyo aiweke kwenye kadi ya picha. Hatuelewani. Basi tupeane uzoefu: ulikuwa na bodi gani, prosesa gani, unapoza na nini, na unaishi wapi, maana chumba cha Njombe na chumba cha Tandika si kimoja. Habari za "nimesikia" tuziache kando.

Naanza mwenyewe. Enzi za Sandy Bridge, kizazi cha prosesa za Intel cha 2011 na kuendelea, nilikuwa na i5-2500K kwenye bodi ya kati ya Z68. Kiwandani inatoka na 3.3 GHz, ikijitutumua inafika 3.7. Niliipeleka 4.5 kwa kipozeo cha feni cha kawaida na ikakaa hapo miaka. Rafiki yangu wa Arusha alikuwa na prosesa ileile kwenye bodi ya karibu mara mbili ya bei yangu, akaishia 4.4. Anaongeza volti, chipu haitaki. Tangu hapo naamini kila chipu ina rizki yake, bodi haiongezi.

KijanaWaMbagala
Ya bei mbaya siijui mkuu, ila ya bei chee naijua vizuri. Ryzen 7 2700X kwenye bodi ya B350 ambayo VRM yake (sehemu inayoilisha prosesa umeme) haina hata kipande cha bati la kupoza juu (jina nalihifadhi). BIOS, ile programu ya mipangilio iliyomo kwenye bodi, inakubali kila kitu: 4.1 GHz, volti 1.35. Ukiwasha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, raundi ya kwanza safi. Ukiiacha izunguke, alama zinaanza kuporomoka, na prosesa yenyewe iko nyuzi 78 tu, haina neno. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, uone VRM: nyuzi 112. Bodi inajiokoa kwa kuikaba prosesa.

Nikafunga kifeni cha milimita 40 pembeni ya soketi kwa ile mikanda ya plastiki ya kubania nyaya. Ikashuka hadi tisini na kitu, spidi ikatulia, ila mlio wake usiku mama mwenye nyumba akaja kuuliza nasaga nini.

Baadaye nikahamia B450 Tomahawk ya MSI, bei ya kati. 4.1 ileile, volti zilezile, hata megahezi 25 za ziada sikupata. Tofauti ni kwamba VRM sasa inakaa sabini na kitu, hata Desemba, na kiyoyozi sina.

FundiTransista (Moro)
Kijana wa Mbagala ameeleza vizuri, naongezea hesabu kidogo ili watu waelewe hela inakwenda wapi. Pawasaplai inaleta volti 12. Prosesa inataka 1.2 au 1.3. Kazi ya VRM ni kuzishusha. Prosesa ikila wati 250 kwa volti 1.25, hizo ni ampea 200 zinazopita kwenye kipande cha bodi ukubwa wa vidole vyako viwili. VRM ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, karibu wati 28 zinageuka joto palepale.

VRM inagawa kazi hiyo kwa njia kadhaa zinazoitwa fezi. Gawanya ampea 200 kwa fezi 4, kila moja inabeba 50. Gawanya kwa fezi 16, kila moja inabeba 12 na nusu, hata kuhangaika haihangaiki. Hapo ndipo bodi ya gharama inapotofautiana na ya bei chee. Lakini angalia: i9-13900K ndiyo ina kikomo cha wati 253. Ryzen 5 5600X haizidi sana 76 ikiwa haijaguswa. Sasa mtu wa 5600X anunue fezi 16 za nini? Na msidanganywe na namba za kwenye boksi. Fezi "16" nyingine ni 8 zilizogawanywa mara mbili, na kidhibiti chenyewe kinaona 8.

Jambo lingine ambalo watu wanaliruka: kabla ya ubora wa bodi, uliza chipuseti, yaani chipu ya bodi inayoamua nini kinaruhusiwa (ndizo hizo Z68, B350). Kwa Intel, kupandisha spidi ya prosesa kunataka prosesa yenye K na bodi ya Z. B760 inakuruhusu kuchezea RAM tu. Kwa AMD, A320 na A520 hazipandishi prosesa, B450, B550 na B650 zinapandisha. Nimeletewa dukani i7 yenye K iliyokalia bodi ya H610. Mwenyewe alikuwa anatafuta menyu ya kuovakloki kwenye BIOS wiki nzima.

MseeWaLuthuli (Nairobi)
Mimi nitaitetea bodi ya bei, lakini si kwa sababu mnayodhani. Nilikuwa na i9-9900K kwenye Z390 ya daraja la juu. 5.0 GHz kori zote, volti 1.30. Beshte yangu akaleta bodi yake ya kati, tukahamisha prosesa hiyohiyo na kipozeo hichohicho: 5.0, volti 1.31. Hiyo ndiyo tofauti niliyolipia, kama ungeniuliza siku hiyo.

Halafu nikaanza kukaza RAM. Mashine ikagoma kuwaka, skrini nyeusi, feni zinazunguka tu. Kwenye bodi kuna kile kionyeshi cha tarakimu mbili, kikaandika 55, yaani bodi haioni RAM. Nikabonyeza kitufe cha nyuma cha kufuta mipangilio, ikarudi. Kwa bodi ya beshte ingekuwa kufungua kesi, kutoa kadi ya picha, kusaka betri chini yake, kila mara ukikosea taimingi (mipangilio ya muda ya RAM) moja. Na mwenye kuovakloki anakosea mara nyingi, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kubwa zaidi: stima ilipotea nikiwa katikati ya kusasisha BIOS. Bodi ilikuwa na BIOS mbili na swichi ya kuchagua. Nikahamia ya pili, nikaandika ya kwanza upya. Kwa huku kwetu, mimi hicho kipengele nakiweka juu ya idadi ya fezi.

MzeeWaKesi (Dar)
Hiyo ya BIOS mbili sikuwa nimeifikiria. Lakini si siku hizi hata za kati zina kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi?

MseeWaLuthuli (Nairobi)
Nyingi zinacho, kweli. Wakati ule hazikuwa nyingi.

BinSalim (Muscat)
Assalaam alaykum. Nyote mnazungumzia prosesa. Kwenye DDR5, RAM za kizazi kipya, bodi ndiyo yenye kauli. Nina i7-13700K. Bodi ya kwanza Z790 ya nafasi nne za RAM, ya bei ya kati. Spidi ya RAM ya 7200 inakubali, ukigusa 7400 makosa yanaanza kumiminika kwenye jaribio la RAM. Nikabadilisha nikachukua bodi ya nafasi mbili tu. RAM zilezile, prosesa ileile, 8000, usiku kucha bila kosa hata moja. Njia kutoka kwenye soketi ni fupi, na hakuna nafasi tupu zinazovuruga mawimbi. Sehemu ya kazi ni ya kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa, na changu ni kizuri, alhamdulillah, ila bodi ya kwanza ilikuwa inakizuia.

KijanaWaMbagala
Sheikh, na kwenye gemu umepata nini?

BinSalim (Muscat)
Counter-Strike 2 kwenye 1080p naona tofauti, hasa zile fremu za chini, hazidondoki kama zamani. Kwenye 4K, wallahi, sioni kitu. Kadi ya picha ndiyo inayosubiriwa.

MwanaUvira (Columbus, Ohio)
Ndugu zangu, miye nina jambo la upande mwingine: bodi ya bei inaweza kuovakloki bila kukuuliza. Mnakumbuka Aprili 2023, zile Ryzen 7000 za X3D (zenye kashe ya ziada) zilizokuwa zinaungua hadi kuvimba kwenye soketi? Ukiwasha EXPO, mpangilio wa AMD wa kupandisha spidi ya RAM, bodi nyingi zilipandisha zenyewe volti za SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kupita kiasi. AMD ikatoa maagizo, BIOS mpya zikaweka ukomo wa 1.30. Bodi za juu kabisa nazo zilikuwemo. Yangu ni ya gharama, 7800X3D iko ndani. Nilipoingia kuangalia nikakuta 1.36, na mimi sikuandika hiyo namba. Nikasasisha siku hiyohiyo. Prosesa nzima, namshukuru Mungu.

Halafu kichekesho: 7800X3D imefungwa, huwezi kupandisha kizidishi chake, ile namba inayopanga spidi ya prosesa. Niliinunua na bodi ile kwa sababu duka lilikuwa linauza bodi, prosesa na RAM kwa fungu moja, na fungu la bodi ya kati lilikuwa limeisha.

FundiTransista (Moro)
Na upande wa Intel ni hivyohivyo. Bodi nyingi za Z zilikuwa zinatoka na kikomo cha umeme kimeondolewa. Unafungua BIOS unakuta wati 4096, yaani hakuna kikomo. Kwenye majaribio ya mitandaoni bodi hiyo inashinda, kumbe imeshaovaklokiwa kimyakimya. Hizo 13900K na 14900K zilipoanza kuyumba, watu wakazilaumu bodi. Baadaye 2024 Intel wenyewe wakasema prosesa zilikuwa zinaomba volti kubwa mno, wakatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na kuongeza waranti miaka miwili. Mwenye prosesa hizo asasishe BIOS kwanza, kuovakloki baadaye.

ZiwaKuu (Mwanza)
Nyinyi mna hela. Mimi niliagiza bodi ya X79 kutoka China na Xeon E5-1650 v2 ya mtumba, prosesa ya Intel ya mashine za kazi, hiyo kizidishi chake kiko wazi. Kiwandani ni 3.5, nikaitia 4.2. VRM ya bodi ile ukiigusa unaondoa mkono mwenyewe. Nimeishusha 3.9, nimeibandikia hitisinki nilizong'oa kwenye kadi za picha mbovu, na inaendesha gemu za watoto hadi leo.

BinSalim (Muscat)
Hizi bodi za juu kabisa ni za watu wa kusaka rekodi, wanaopoza kwa nitrojeni ya majimaji na mfano wake. Desemba 2022 ovakloka anayeitwa elmor aliivusha 13900K 9 GHz kwa mara ya kwanza, kwenye Maximus Z790 Apex ya ASUS, akiipoza kwa heliamu ya majimaji. Kuna swichi pale za kupunguza kizidishi papo hapo, sehemu za kupima volti kwa mita. Mpwa wako atazitumia lini?

MzeeWaKesi (Dar)
Nimemsomesha uzi wote. Amekubali B650 ya kati yenye bati la maana kwenye VRM, kwa sharti kwamba kadi ya picha nimwongezee mimi laki mbili. Nadhani ndicho alichokuwa anatafuta tangu mwanzo.

Mgeni_Tanga
Samahani wakuu kwa kuingilia. Nina Ryzen 5 5600G kwenye bodi ya A520, sina kadi ya picha, natumia picha ya ndani. Nikibadilisha bodi nikaweka B550 ya gharama, gemu zitapanda?

FundiTransista (Moro)
RAM unayo ngapi?

Mgeni_Tanga
Moja ya GB 16, spidi 2666.

FundiTransista (Moro)
Acha bodi. Uza hiyo RAM, chukua pea ya 8 na 8 zinazofanana, 3200 au 3600, weka nafasi ya pili na ya nne kama bodi yako ina nne, washa XMP, mpangilio kwenye BIOS wa kuipa RAM spidi yake kamili. A520 inaruhusu hilo. Picha ya ndani inakula kutoka kwenye RAM, na sasa hivi unailisha kwa njia moja badala ya mbili.