Barua ya ridhaa ya mjukuu

Babu wa Tukuyu (Reading):
Kamwene ndugu zangu. Mjukuu wangu wa Mbeya nataka aje huku Uingereza likizo ya Juni nimpeleke makumbusho ya eropleni, anachora ndege kutwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kipo, mwaliko upo, stetimenti ya benki ipo. Ofisi ya viza imemrudisha mama yake: barua ya ridhaa, ile ya wazazi kumruhusu mtoto asafiri, "haijakamilika". Pungufu gani, hawasemi. Baba mtoto yuko Zambia, kumpata ni kazi. Sahihi ya mama inatosha, au mpaka kiapo cha wakili?

Mama wa Makambako (Leicester):
Shikamoo babu, pole. Mdogo wangu alinyimwa viza kwa stetimenti: hela iliingia kwa mkupuo, wakaitilia shaka. Na alama za vidole mpaka Dar, usiku kucha kwenye basi na mtoto mgongoni! Nyanda za Juu Kusini nzima hatustahili kituo kimoja? Kiwanja cha ndege cha Songwe tunacho tangu 2012.

Kijana wa Mafinga (Birmingham):
Dada, kauliza ridhaa, si stetimenti. Mpwa wangu alipita na barua ya mama tu, ila cheti chake hakina jina la baba. Babu, nendeni RAF Museum Hendon, makumbusho ya jeshi la anga pale London, kuingia bure, mnashuka stesheni ya Colindale. Ile ndege ya VC10 waliyopanda wazee wetu ipo pale.

Mzee wa Njombe (Cambridge):
Kijana, usimpotoshe mwenzangu. Hendon ni ndege za kijeshi. Super VC10 iko makumbusho ya Duxford, huku karibu na Cambridge, nayo ilikuwa ya BOAC, shirika la Waingereza, si ya East African Airways yetu iliyokufa 1977. Duxford mnalipa, lakini mtoto anaingia ndani ya Concorde, ile ndege iliyopita kasi ya sauti. Na mwambie hivi: miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways, shirika la Waingereza, za kwenda Cape Town zilikuwa zikitua Mbeya. Mbeya kwao!

Mama wa Makambako:
Mzee umenikumbusha nyumbani. Ule ukungu wa asubuhi, ndege inazunguka juu ya Songwe halafu inarudi Dar, na wewe ni kama unanusa mahindi ya kuchoma kule chini.

Babu wa Tukuyu:
Hiyo ya Imperial Airways nimeiandika, mtoto ataisikia. Lakini kiapo je? Mama yake anarudi ofisini Jumatatu.

Mzee wa Njombe:
Mkija kwa treni shukeni Whittlesford Parkway. Nipigieni, nitawafuata na gari. Mama watoto atapika ugali na maharage ya Njombe, mtoto asilale njaa.