Nyumba ya Bibi Muheza: chumba masta cha uani

Rehema: Shikamoo mjomba. Mchoro wa chumba kipya tunachomwongezea Bibi uko hivi: chumba mita 4 kwa 4.5, choo na bafu ndani mita 1.8 kwa 2.4. Kinaungana na nyumba pale penye dirisha la uani.

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Ukubwa unatosha. Fundi aanze na levo kabla ya kitu kingine chochote. Bibi anatembelea mkongojo, sakafu mpya ije sawa na ya zamani, bila ngazi wala kizingiti. Avute mpira wa maji kutoka ndani, aweke alama, ndipo achimbe.

Idi: Tunachonga meno kwenye ukuta wa zamani, matofali mapya yashikane nao?

Mjomba Hamisi: Hapana kabisa! Nyumba ile imeshamaliza kutitia, hiki kipya ndiyo kwanza kitaanza. Ukizifunga kuta pamoja, ufa unatoka pembe ya mlango mpaka darini. Ukuta mpya ujitegemee, acha nafasi ya sentimita 2 toka msingi hadi juu, jaza foamu, nje ziba kwa gundi inayovutika. Saruji humo hapana, itapasuka. Na msingi usishuke chini ya ule wa zamani, mtafukua udongo unaoubeba.

Shangazi Zuhura: Bati si liendelee tu lile lile? Tupunguze gharama.

Rehema: Haiwezekani shangazi. Ukuta wa uani una mita 2.7. Mwinamo wa digrii 15 kwa mita 4 unashusha mita 1.07, ukuta wa nje unabaki mita 1.6 na ushei. Kipauliwe peke yake, mgongo uelekee uani, na panapokutana mabati iwekwe valei pana, yaani mfereji wa bati wa kupitisha maji ya mvua.

Shangazi Zuhura: Haya, nimeelewa. Mlango je?

Rehema: Dirisha lina mita 1.2. Tunakata chini yake tu, lenta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, haiguswi. Mlango sentimita 90.

Idi: Chemba ya maji machafu iko mita 11.

Mjomba Hamisi: Bomba la inchi 4, mwinamo sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo linashuka sentimita 27.5. Kwenye kona tumia elbo mbili za 45, ile ya 90 hukwamisha uchafu. Trapu ya bafuni, lile tundu la kutolea maji sakafuni, ikae mbali na mlango, sakafu iinamie huko, maana kizingiti hakuna.

Idi: Kesho nafunua chemba nipime kina.

Mjomba Hamisi: Pima toka levo ya sakafu ya ndani hadi chini ya bomba linalotoka, siyo hadi ardhini.